Kabla fundi hajapanda juu ya paa la asbesto
Wenye nyumba za zamani hapa Mombasa, yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi, mazito kuliko bati, huenda ni asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Paa likiwa zima, liacheni. Balaa ni kulitoboa, kulikata kwa msumeno au kulivunja kwa nyundo: nyuzi zake hazionekani kwa macho, na nyingi zikishaingia mapafuni hazitoki. Kansa yake huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, fundi ashaisahau hata nyumba yenyewe. Kitambaa puani hakizuii kitu. Na vipande msimpe jirani aezekee banda la kuku (ataomba tu). Ulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, nani ana leseni ya kuziondoa taka hizo. Kipande kikianguka, kilowesheni maji kwanza. Vumbi lake msilifagie kavu.