Kukagua eabegi ya gari la Japani kabla hujalipa

Nawaandikia wanaonipigia simu wakiwa tayari bondini (yadi ya magari yaliyoagizwa), Toyota Fielder au Wish imeshawapendeza, kilichobaki ni kulipa. Kagua eabegi kwanza, yaani mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali.

Hatua ya 1: Taa

Washa swichi bila kustati injini. Taa ya eabegi iwake kama sekunde 6, halafu izime. Ikibaki inawaka, kuna kasoro, na siku ya ajali eabegi huenda isifunguke. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi: huenda kuna mtu ametoa balbu. Wajanja huiunga na taa ya oili, kwa hiyo stati injini uangalie. Zikizima kwa pamoja, dai dashibodi ifunguliwe mbele yako.

Hatua ya 2: Chesisi namba

Hapa ndipo muda unapoliwa, soma taratibu.

Eabegi nyingi zilizotengenezwa na Takata, kampuni iliyofilisika mwaka 2017, zilitumia amonium naitreti kujaza hewa. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu dawa hiyo. Ikilipuka, inapasua kopo lake la chuma na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru zote ziliita magari yao yarudishwe kurekebishwa kwa ajili hiyo. Taa haikwambii lolote kuhusu hili; gari la namna hiyo linafaulu hatua ya 1 bila shida. Kujua kama gari lako liliitwa, unatumia chesisi namba.

Wengi hukimbilia tovuti ya Marekani ya kukagua magari yaliyoitwa. Ile inataka namba ya tarakimu na herufi 17, na gari lililouzwa Japani halina namba hiyo. Usijazie sifuri ili zitimie. Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyounda gari, sehemu ya kukagua magari yaliyoitwa. Kwa Toyota utakuta visanduku viwili: cha kwanza kinapokea kilicho kabla ya kistari cha chesisi namba, mfano NZE141, cha pili tarakimu za baada yake.

Sasa mitego yake. Ukiona DBA-NZE141G kwenye karatasi, hiyo ni modeli. Toa DBA, toa na G ya mwisho. Sifuri za mwanzo katika kisanduku cha pili ziandike pia. Namba isome kwenye bodi yenyewe, chini ya boneti, kwa tochi, maana logibuku huchapwa na binadamu. Zikitofautiana, ondoka, hilo si suala la eabegi tena. Tafsiri ya simu huvuruga ukurasa, mimi hutumia kompyuta na kufungua kurasa mbili, moja ya Kijapani na moja iliyotafsiriwa. Halafu kumbuka kwamba tovuti inaijua eabegi ya kiwandani tu. Gari likishagongwa na kufungwa eabegi iliyotoka gari jingine, majibu mazuri ya tovuti hayana maana. Angalia mfuniko wa usukani: rangi tofauti kidogo, au pembe zilizochokonolewa na bisibisi.

Hatua ya 3: Ikiwa imeitwa na haijabadilishwa

Chapisha majibu, uende kwa wakala rasmi wa kampuni hiyo umuulize. Fundi wa mtaani asiiguse. Hata anayejua kazi anatoa waya hasi wa betri na kusubiri sekunde 90 kabla ya kugusa soketi za njano, na hapimi inflata (lile kopo la chuma lenye dawa) kwa mita ya umeme, kwani mkondo mdogo tu unaweza kuilipua.

Hatua ya 4: Ukaaji

Kifua kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25. Mkanda. Watoto walio chini ya miaka 13, nyuma.

Hatua ya 5: Kupata nyingine

Eabegi ya mtumba sinunui, hata Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ambako taa na milango nanunua kila siku. Huwezi kujua ilitoka gari gani.

Na tafadhali, usimwambie ndugu yako aliye Dubai aipakie kwenye sanduku lake. Eabegi ina dawa ya kulipuka. Kwa usafiri wa anga ni mzigo wa hatari, namba UN 3268. Hairuhusiwi kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa abiria unaopimwa kaunta, iwe mpya au kuukuu. Inasafirishwa kama kago, ikiwa na fomu ya kutangaza mizigo ya hatari na ufungaji wake maalumu. Kabla hujatuma pesa ya dukani, muulize wakala wa mizigo kama anapokea UN 3268 hadi Entebbe, akujibu kwa maandishi.