Taa ya tiba kwa sonona ya majira ya baridi: rangi, umbali na saa ya kuiwasha

Mtu aliyekulia Mwanza au Mombasa, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, akihamia Oslo au Helsinki hukutana na siku za Desemba ambazo urefu wa mchana haufikii hata masaa sita. Mwili unakuwa mzito, usingizi hauishi, hamu ya vitu vitamu inazidi, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi Machi. Hii ni sonona ya msimu. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984 huko Marekani, pamoja na matokeo ya kuitibu kwa mwanga.

Hatua ya 1: Daktari

Mwone kabla ya kununua taa kama una ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kisukari kilichogusa macho, au umewahi kupata mania, yaani uchangamfu uliopita kiasi. Mwanga mkali unaweza kuirudisha. Mtajie pia dawa unazotumia. Doksisaiklini, ile ya kujikinga na malaria ukienda likizo nyumbani, ni miongoni mwa zinazofanya ngozi idhurike upesi na mwanga. Mawazo ya kujiua hayasubiri taa: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Rangi

Chukua nyeupe. Ndani ya retina kuna seli zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga, ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Huitika zaidi kwa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 480 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kwa hiyo taa za bluu si utapeli. Ila nyeupe tayari inabeba bluu hiyo, ndiyo iliyojaribiwa zaidi, na kuikalia nusu saa hakukeri macho kama bluu tupu. Isitoshe, bluu inayoelekea zambarau, karibu na nanomita 440, ndiyo inayohofiwa zaidi kwa retina.

Kijani imewahi kuishinda nyekundu katika utafiti, lakini hakuna sababu ya kuitafuta dukani. Nyekundu ni dhaifu kiasi kwamba watafiti huitumia kama taa ya kulinganishia, mfano wa kidonge kisicho na dawa. Iache kwa ajili ya jioni.

Usilinganishe luksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali, za rangi mbili tofauti. Kipimo cha luksi kinafuata jicho linavyoona ukali wa mwanga, na jicho hupendelea kijani. Bluu husomeka ndogo hata pale inapoziamsha seli za melanopsini vizuri. Ndiyo maana taa ya bluu huandikwa luksi mia chache na bado ikafanya kazi.

Hatua ya 3: Kununua

Bapa pana, lenye kichujio cha miale ya urujuanimno (UV), nyeupe ya Kelvini 4,000 hadi 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Zile ndogo za ukubwa wa simu achana nazo. Taa ya kubadilisha ngozi rangi haifai hata kidogo. Na kwa kuwa taa ya tiba huchuja urujuanimno, haikupi vitamini D. Hiyo iulizie kivyake.

Hatua ya 4: Umbali

Hapa ndipo wengi hukwama, wakasema taa haifanyi kazi. Boksi linasema luksi 10,000. Geuza, soma maandishi madogo: mara nyingi ni kwa sentimita 15 au 20, yaani pua karibu iguse kioo. Ukirudi nyuma mwanga unaanguka haraka. Kwa chanzo kidogo, umbali ukizidi mara mbili unabaki na robo tu; bapa pana huanguka polepole kidogo, na ndiyo sababu ya kulipendelea.

Balbu ya kawaida haifiki huko. Yenye lumeni 800 (jumla ya mwanga inaotoa), ikiwa wazi nusu mita kutoka usoni, hutoa takriban luksi 250.

Pima mwenyewe. Kaa unapokaa kweli, weka simu jichoni pako, kioo chake kikielekea taa, fungua programu ya luksi. Kwenye Android kihisi huwa juu karibu na kamera ya mbele. Ondoa kava au plastiki iliyokifunika. Kwenye iPhone programu nyingi hukisia kwa kamera, kwa hiyo namba ichukue kama makadirio. Kisha panga muda:

- luksi 10,000: dakika 30
- luksi 5,000: saa moja
- luksi 2,500: saa mbili

Taa ikae juu kidogo ya macho, pembeni kidogo. Kunywa chai, soma, macho yakiwa wazi, usiikodolee. Vua miwani ya jua na ile ya kuchuja bluu. Miwani isiyo na rangi haina shida.

Hatua ya 5: Saa

Ndani ya saa moja baada ya kuamka, kila siku, Jumapili nayo. Ukiiwasha jioni utakesha.

Hatua ya 6: Kurekebisha

Kichwa kikiuma au ukisikia kichefuchefu, sogea nyuma au punguza dakika, halafu ongeza taratibu. Ukianza kuamka saa 10 alfajiri bila sababu, punguza muda au iwashe kwa kuchelewa kidogo asubuhi. Ukijikuta unalala kidogo mno, unaongea bila breki na unatumia pesa ovyo, zima taa na umpigie daktari. Nafuu kwa kawaida huonekana ndani ya wiki moja au mbili. Isipokuja, pima tena umbali kwanza, kisha rudi kwa daktari. Ukiona nafuu usiache, kwa sababu dalili hurudi. Endelea hadi asubuhi za Aprili ziwe na mwanga wa kutosha nje.