Kabla hujaenda umisheni Sudan Kusini, mambo ya kuzingatia

Makanisa yetu ya huku Kenya, Uganda na Tanzania yanatuma watu Sudan Kusini, wengine wiki mbili wengine miaka, na ni jambo jema sana, ila maandalizi mengi naona yanaishia kwenye kuchanga nauli na kuchapisha tisheti. Naandika kwa wewe uliyesikia wito na unataka kwenda kweli, ili usiwe mzigo kwa watu ambao tayari wamebeba ya kutosha.

Kitu cha kwanza, na kwangu hiki ndo kinabeba vingine vyote, jua unaenda kwenye kanisa lililokutangulia. Mwaka 1964 serikali ya Sudan kule Khartoum, iliyotawala kusini wakati huo, iliwafukuza wamishonari wa kigeni kule kusini, mtu angedhani hapo kanisa limekwisha, kumbe makatekista na wachungaji wenyeji walilibeba wenyewe, wengine porini wengine kambini, na likakua kuliko lilivyokuwa wazungu walipokuwepo. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliosimamisha vita vya kwanza vya kaskazini na kusini, waliokaa katikati kupatanisha ni Baraza la Makanisa Duniani na lile baraza la makanisa ya Afrika lenye makao Nairobi. Miaka ya 80 na 90 vita viliporudi, Wadinka, moja ya makabila ya huko, walitunga nyimbo zao za ibada kwa lugha yao, akina mama wengi wakiwemo, na zinaimbwa mpaka leo. Sasa wewe ukifika na mahubiri ya kuwaambia Mungu hajawasahau, jua hilo walishaliimba kabla hujazaliwa. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi uwe na mwaliko wa dayosisi au kanisa la huko, kutoka kwa mtu anayejua utalala wapi, utafanya nini na utakuwa chini ya nani. Kama hakuna aliyekuita tulia kwanza, omba, tafuta mawasiliano. Na tafadhali usiende kufungua kanisa jipya kwenye mtaa ambao tayari una makanisa matatu yanayohangaika kumlipa mchungaji.

Soma historia yao angalau kidogo. Uhuru ni 9 Julai 2011, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Juba Desemba 2013, vikalipuka tena Juba Julai 2016, mkataba wa sasa ulisainiwa Septemba 2018. Makadirio ya waliokufa kwa sababu ya vita hiyo yanakaribia watu 400,000, na Uganda peke yake ilifikisha wakimbizi milioni moja wa Sudan Kusini mwaka 2017. Na usidhani ni mambo yaliyopita, Machi 2025 Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake na mapigano yakarudi upande wa jimbo la Upper Nile. Nchi inapona huku kidonda kingine kinafunguka, so mpango wako wowote uwe unaweza kubadilika asubuhi moja.

Hapa kwenye msamaha nataka tukae kidogo maana ndipo wageni wengi wanapoumiza watu bila kujua. Chukua sehemu kama Yei au Kajo-Keji, watu walikimbilia Uganda, wakaishi kambi ya wakimbizi ya Bidibidi miaka, sasa mtu anarudi kwake anakuta nyumba ina familia nyingine, shamba limelimwa na mwingine, na huyo mwingine pengine ana ndugu mwenye bunduki. Jumapili huyo mama yuko ibadani na anajua nani kakalia kiwanja chake. Alafu wewe umetoka Dodoma au Eldoret, siku yako ya pili pale, unapanda madhabahuni na somo la kusamehe saba mara sabini, unaita watu mbele wakumbatiane. Neno ni la kweli kabisa, lakini kwake limekuja kama amri ya kukubali kudhulumiwa. Msamaha uhubiriwe na wachungaji waliopoteza watu wao pale pale, wewe kaa usikilize, tembelea watu, chimba nao kisima, zika nao. Usimuulize mtu kabila lake, usimuulize aliona nini wakati wa vita, akitaka kukusimulia atakusimulia, na akianza kulia usikimbilie kumwombea ili anyamaze. Kabla ya kwenda tafuta yale mafunzo ya uponyaji wa majeraha ya moyo ambayo vyama vya Biblia vinaendesha, hasa kama utakuwa na watoto au vijana waliowahi kushikishwa silaha.

Misaada nayo itenge na madhabahu. Mkigawa unga na sabuni baada ya mkutano wa injili mtapata umati, ndio, lakini hamtajua nani kamwamini Yesu na nani ana njaa, na wasio wa dhehebu lenu watajua wameachwa. Pitisha kwenye kamati ya wenyeji na apewe kila mwenye uhitaji.

Usalama. Agosti 2021 masista wawili waliuawa basi lao liliposhambuliwa barabara ya Juba–Nimule, wakitoka kwenye sherehe za parokia. Aprili mwaka huo huo askofu mteule wa Rumbek, Christian Carlassare, alipigwa risasi miguuni usiku nyumbani kwake, na kati ya waliohukumiwa alikuwemo padre wa jimbo hilo hilo. Akapona, akawasamehe, akarudi kuwekwa wakfu Machi 2022. Nayataja ujue hatari si majambazi wa njiani tu, na migogoro ya ndani ya kanisa utaikuta, usiibebe ya upande wowote hata kama wenyeji wako ni wa upande huo. Safari yoyote waulize wenyeji asubuhi ya siku hiyo hiyo. Picha usipige hovyo, daraja, askari, majengo ya serikali, uwanja wa ndege, utajikuta kituoni na simu imechukuliwa.

Lugha jifunze Kiarabu cha Juba, hata miezi mitatu kabla inasaidia sana. Kiswahili utakutana nacho kwa waliosoma Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Kenya, au Uganda na kwa wafanyabiashara, lakini bibi kijijini hutampata kwa Kiswahili. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake, neti, dawa za kinga ya malaria usiziache. Mvua kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba inafunga barabara nyingi za udongo, vijiji vingine mnafika kwa ndege ndogo tu, kwa hiyo semina zenu pangeni kiangazi.

La mwisho liko kwa kanisa linalotuma. Andikeni kabisa nani ana mamlaka ya kusema rudi, na pesa ya kumtoa kwa ndege iwe imetengwa kabla hajaondoka, sio kuanza kupitisha kapu akiwa amelala na malaria kali. Na akirudi msimweke madhabahuni Jumapili ya kwanza atoe ushuhuda. Mpeni wiki kadhaa na mtu wa kuongea naye, asiye kwenye kamati ya misheni.