Jinsi ya kuhamisha slaidi kutoka PowerPoint kwenda ODP bila maneno kumwagika nje ya skrini

Mi ndo yule jamaa anayekaa nyuma kabisa kanisani na laptopu, pembeni ya fundi mitambo, kazi yangu kubonyeza tu ili ubeti unaofuata utokee ukutani kabla kwaya haijaufikia. Laptopu ya zamani ilikufa tukapewa nyingine, ile programu ya slaidi iliyokuja nayo ilikuwa ya majaribio na hakuna aliyepanga hela ya kuilipia, muda ukaisha, sasa Jumapili moja nafungua wimbo naambiwa ruksa kusoma tu, kuhariri hamna. Na siku hiyohiyo kwenye kiitikio kuna mtu aliandika "Bwawa" badala ya "Bwana". Watoto wanacheka, mi natoa jasho, siwezi kubadilisha herufi moja.

Wiki ile nikaamua mafaili yote 412 yahamie ODP. Nimejifunza kitu kimoja, kugeuza kwenyewe ni dakika chache, kazi iko kwenye kuandaa kabla na kukagua baada, na wengi wanaruka hizo mbili alafu wanailaumu programu.

Kwanza ODP ni nini. Ni faili la slaidi la ile familia ya ODF (OpenDocument Format), iliyopitishwa na OASIS, shirika la kuweka viwango vya teknolojia, mwaka 2005 na mwaka 2006 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Maelezo ya jinsi faili linavyoundwa yako wazi, yeyote akitaka kutengeneza programu ya kulisoma haombi ruhusa wala halipi. Kuna mtu atakwambia mbona pptx, lile faili jipya la PowerPoint, nayo ni kiwango cha ISO, ni kweli, tangu 2008 kwa namba 29500, usibishane nae. Ila mafaili yetu mengi yalikuwa .ppt ya kizamani, ya kabla ya 2007, na hayo ndo yanaumiza kichwa zaidi.

Programu ninayotumia ni LibreOffice, sehemu yake ya slaidi inaitwa Impress. Ni bure, unaidaunlodi libreoffice.org, kwa Windows ni zaidi ya MB 300 kwa hiyo tafuta sehemu yenye wifi usimalize bando. Na hii ukoo wake ni OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walishaitafsiri kwa Kiswahili toka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, so sio mambo mageni kwetu.

Sasa kabla hujagusa kitu, kopi foda nzima uweke kwenye flashi au diski ya nje, uitoe, uweke kabatini. Hiyo hutaigusa tena. Usigeuze juu ya mafaili ya asili hata kama una haraka.

Alafu kama bado una mashine yenye PowerPoint inayofanya kazi, hata ya kuazima kwa jirani, itumie kuandaa yale mafaili magumu. Ile michoro ya SmartArt (visanduku na mishale inayojipanga yenyewe) bonyeza kulia uchague "Convert to Shapes", maana ukifika upande wa pili itakuja kama mchoro uliokufa, unaonekana lakini haujipangi tena, bora uigandishe mwenyewe ukiwa unaona. Milinganyo ya hesabu iliyoandikwa kwa ile Equation Editor ya zamani piga picha uweke pembeni kama kumbukumbu, kile kifaa Microsoft wenyewe walikiondoa Januari 2018 kwa sababu za usalama. Makro za VBA (vile viprogramu vidogo vinavyoandikwa ndani ya faili) usizitegemee. Ile miondoko ya Morph (kitu kujigeuza taratibu toka slaidi moja kwenda nyingine) sahau, ila vitu vya kawaida kama maneno kuingia moja moja mara nyingi vinafika salama, na zile notisi za mzungumzaji chini ya slaidi pia.

Video ndo mtego. Mafaili ya .ppt ya zamani yalikuwa hayabebi video ndani, yanashika njia tu ya ilipo, labda C kwenye kompyuta ya mtu aliyehama mtaa miaka kumi iliyopita. Itafute hiyo video kwanza, ikipatikana iingize upya ukishageuza.

Kama faili ni moja au matatu hivi, fungua kwa Impress, nenda File, Save As, pale kwenye aina ya faili chagua "ODF Presentation (.odp)", sevu, basi. Kama hutaki kuweka LibreOffice, PowerPoint nayo kwenye Save As ina "OpenDocument Presentation", na Google Slides ukienda File, Download, utaiona ODP. Mi napendelea kugeuzia kwenye programu ambayo ndo nitaitumia kila siku, nikiona kasoro naiona palepale.

Kama ni mengi, ndani ya LibreOffice nenda File, Wizards, Document Converter. Weka tiki kwenye PowerPoint, ioneshe foda yalipo na foda ya kupeleka, weka tiki iingie na kwenye foda za ndani, na weka tiki kwenye "Create log file" ili ukimaliza ujue lipi limegoma.

Wale wa komandi mistari, yaani kuandika amri badala ya kubonyeza menyu, ni hii. Kwa Linux, ukiwa ndani ya foda:

soffice --headless --convert-to odp --outdir tayari *.ppt

Kwa Windows, kwenye ile cmd nyeusi:

for %f in (*.ppt) do "C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.com" --headless --convert-to odp --outdir tayari "%f"

Andika soffice.com sio soffice.exe, ile ya com inasubiri faili moja liishe ndo inaenda lingine. Na funga LibreOffice kabisa kabla ya kuanza, ikiwa wazi mahali unaweza ukaona komandi imepita kimya na foda ni tupu. Mi nilikaa nusu saa naangalia foda tupu kumbe nina dirisha nimelishusha chini.

Kingine kilichonipata, tulikuwa na nyimbo mbili majina yaleyale, moja .ppt moja .pptx. Zote zikigeuka zinakuwa jina moja .odp, ya pili inaifuta ya kwanza bila kukuuliza. Kwa hiyo zitenge kwanza, .ppt foda yake na .pptx foda yake, na matokeo pia foda mbili tofauti.

Haya, sasa fonti, hapa ndo kwenye uhondo.

Slaidi haibebi fonti kwa kawaida, inabeba jina la fonti tu. Mashine ikikosa hiyo fonti inaweka nyingine, na ikiwa pana kidogo kuliko ya mwanzo mstari unavunjika. Kwa zile za kawaida LibreOffice imejipanga, Calibri ikikosekana inaweka Carlito, Cambria inaweka Caladea, Arial inaweka Liberation Sans, na hizo zimetengenezwa herufi zake ziwe na upana uleule, kwa hiyo mstari unakatika palepale. Shida ni mapambo. Aliyeandika nyimbo zetu zamani alipenda Monotype Corsiva, ile ya kadi za harusi, na laptopu mpya haina. Kuna wimbo mstari wa mwisho unaisha "milele na milele", baada ya kugeuza ile "milele" ya pili ikashuka chini ya ukingo wa skrini. Waumini wakaimba "milele na", wakanyamaza. Kwaya peke yake ndo ikamalizia kwa sababu wao wameukariri.

Dawa sio kufungua slaidi moja moja upunguze maandishi. Fungua View, Master Slide, badilisha fonti pale kwenye slaidi mama, na zote zinazoifuata zitabadilika. Shida inabaki kwa zile ambazo mtu alipaka fonti kwa mkono juu ya maneno, hizo chagua maandishi yote kwa Ctrl+A ndani ya kisanduku kisha Format, Clear Direct Formatting, yanarudi kufuata mama yao (angalia tu rangi na herufi nene nazo zinaondoka). Kama fonti unaipenda kweli na leseni yake inaruhusu, File, Properties, kichupo cha Font, weka tiki kwenye "Embed fonts in the document", faili litanenepa ila litafunguka vilevile kwingine.

Pia kuna ule mpangilio wa maandishi kujipunguza yenyewe yakizidi kisanduku. Kila programu ina hesabu yake, ndo maana slaidi nyingine unaikuta maneno yamekuwa madogo kama maelezo ya kwenye pakiti ya dawa. Uzime, weka ukubwa mwenyewe.

Kukagua usikague kwenye laptopu peke yake. Chomeka projekta, pita slaidi zote kwa F5. 412 sikuzimaliza siku moja, nilianza na nyimbo 30 zinazoimbwa kila mara, nyingine nakagua ile wiki zikipangwa kwenye ratiba. Ukishuku faili limepoteza picha, chukua kopi yake, badili .odp iwe .zip uifungue, ni zipu tu ile, utaona foda ya Pictures na faili la content.xml lenye maneno yote. Siku programu zote zikigoma, maneno ya wimbo bado unaweza kuyasoma humo kwa Notepad.

Mwisho, ukishahamia hama kweli. Usifungue ODP kwa PowerPoint ukasevu pptx ukarudisha tena ODP, kila safari kitu kinadondoka njiani. Impress ikikuuliza unapoisevu uweke fomati gani, jibu ODF kila siku. Na mgeni akitaka nyimbo, mwimbishaji wa kanisa jingine mfano, mi namtumia PDF, File, Export As, Export as PDF, natia tiki kwenye "Hybrid PDF (embed ODF file)". Kwake inafunguka kama PDF ya kawaida hata kwenye simu, ila akiwa na LibreOffice akaifungua humo zinatokea slaidi zenyewe za kuhariri, na kama kuna Bwawa lingine limenipita atarekebisha mwenyewe.