Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwendea Daktari Usiyemfahamu Jijini Nairobi

Nairobi haina uhaba wa kliniki. Pale Upper Hill yapo majengo ambayo karibu kila mlango una kibao cha daktari bingwa, na mitaani huku Umoja au Kawangware hukosi kituo cha afya pembeni mwa stendi ya matatu. Wingi huo huwafanya watu wengi waende kwa kuelekezwa na jirani tu, walipe, wangoje kutwa nzima, kisha warudi nyumbani bila kujua wanaumwa nini. Yapo mambo ya kutimiza kabla hujatoka nyumbani.

Hakikisha kwamba unayemwendea amesajiliwa. Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, huweka orodha ya madaktari na ya vituo kwenye tovuti yake, na kwa kuwa leseni hufanywa upya kila mwaka, cheti kilichotundikwa ukutani tangu zamani si uthibitisho wa kutosha. Matabibu, yaani wale waitwao clinical officers, nao wana baraza lao, na wengi wao ni hodari, ila tumezoea kumwita daktari kila aliyevaa koti jeupe. Ikiwa ugonjwa wako unahitaji bingwa, uliza waziwazi yule atakayekuona ana ujuzi gani.

Piga simu uulize ada ya kumwona daktari, na kama ada hiyo inajumuisha kurudi na majibu ya vipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi hudaiwa mara ya pili wakiwa wamebakiwa na nauli tu. Bima ya afya ya taifa, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Usidhani kuwa kituo kilichokuwa kikipokea kadi yako zamani kitakuhudumia vilevile, bali taja huduma yenyewe unayoihitaji uambiwe kama inalipiwa. Katika simu hiyohiyo, ulizia vipimo vinavyotaka mtu awe amefunga. Kipimo cha sukari ya kufunga huhitaji angalau saa nane bila chakula, ingawa maji unaruhusiwa kunywa. Mwenye kisukari aulize pia afanye nini na dawa zake za asubuhi hiyo, kwani nyingine zikitumiwa bila kula zinaweza kuishusha sukari hadi mtu akaanguka.

Beba dawa zako zote. Sisemi orodha ya dawa, wala maelezo ya mdomo. Nasema pakiti na chupa zenyewe, pamoja na kitabu cha kliniki, ndani ya mfuko mmoja. Shangazi yangu alikuwa akitibiwa presha katika hospitali ya umma, kisha akashikwa na kikohozi kikavu ambacho hakikumpa usingizi. Hakuwa na homa wala makohozi. Akaelekezwa kwa daktari mmoja mwenye sifa kubwa, nami nikamsindikiza. Tulilipa, tukakaa kwenye foleni hadi alasiri, na tulipoingia daktari alikuwa akiandika huku akizungumza na simu. Alimuuliza, “Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?” Shangazi akajibu kwamba anatumia za presha. Daktari akaandika neno hilo moja, asiulize ni zipi, akaagiza eksirei ya kifua, akampa antibiotiki na dawa ya maji ya kikohozi. Eksirei haikuonyesha tatizo lolote. Fedha zilikwisha, kikohozi kikabaki.

Aliyegundua chanzo ni mfamasia wa mtaani, siku shangazi alipokwenda kununua dawa zake za kawaida akiwa na pakiti tupu mkononi. Mfamasia alimsikia akikohoa, akaisoma ile pakiti, akauliza, “Shikamoo mama, kikohozi hiki kilianza kabla ya dawa hii au baada yake?” Dawa yenyewe ilikuwa enalapril. Kundi lake hushusha presha kwa kuzuia kimeng'enya (enzaimu) fulani, lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kemikali iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikilimbikizana kwenye njia ya hewa, baadhi ya watu hukohoa kikohozi kikavu, na huweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya dozi ya kwanza. Mfamasia hakumwambia aache dawa, naye alifanya vyema, kwa kuwa presha iliyoachwa bila tiba huleta kiharusi. Alimrudisha kliniki, wakambadilishia akapewa losartan, na kikohozi kikaisha polepole. Madhara haya yanajulikana na kila daktari. Yule wa kwanza angeiona pakiti ile mezani, shangazi asingepigwa eksirei wala kumeza antibiotiki zisizomsaidia.

Kwa hiyo ukishaketi, toa mfuko wako uuweke mbele yake, na usiridhike mpaka amesoma majina. Tia humo dawa za kienyeji, vidonge vya kupanga uzazi, na zile za maumivu unazojinunulia dukani bila cheti cha daktari. Ongeza majibu ya vipimo vya zamani na picha za eksirei, usije ukalipia tena kilichokwisha kupimwa.

Andika maswali yako kwenye karatasi, ukianza na lile linalokusumbua zaidi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, tiba zilizopo na gharama zake, kwa lugha unayoielewa kadiri iwezekanavyo, hivyo omba Kiswahili bila haya. Mzee asiende peke yake. Kabla ya kutoka, hakikisha unajua jina la ugonjwa unaoshukiwa, jina halisi la kila dawa, na dalili zitakazokulazimu urudi mapema. Chukua risiti na nakala ya majibu yako.

Haya yote ni ya ziara inayoweza kungoja. Mtu akibanwa na kifua, akipooza upande mmoja, akitokwa na damu isiyokoma au akishindwa kupumua, usitafute leseni wala kuulizia bei: mkimbize kwenye kituo kilicho karibu chenye huduma ya dharura. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na wakianza kudai malipo ya awali mlangoni, itaje ibara hiyo kwa sauti.