Ukitaka kumjua Gong Li, anzia kwa Qiu Ju

Wengi humkuta Gong Li, mwigizaji wa filamu kutoka China, kwanza kwenye Memoirs of a Geisha ya 2005 au Mulan ya 2020, kwa kuwa ndizo zinazopatikana upesi. Nakusihi, usianzie huko. Anza na The Story of Qiu Ju ya 1992, iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Venice.

Humo ni mke wa mkulima mkoani Shaanxi, tena mjamzito. Mkuu wa kijiji kampiga mumewe teke pabaya, naye Qiu Ju anadai aombwe radhi, si fidia. Mwongozaji, Zhang Yimou, alificha kamera mitaani, hivyo wengi unaowaona ni wapita njia wa kweli. Mtazame Gong Li akitembea katikati yao: kajitanda mtandio, koti zito, tumbo limetangulia, hatua nzito. Hakuna anayegeuka kumshangaa. Ukifika pale mkuu anapotupa noti chini ili ainame aziokote, rudia tukio hilo. Uso wake unakataa kabla hajafungua mdomo.

Sasa rudi Red Sorghum ya 1987, aliyoigiza akiwa bado mwanafunzi wa uigizaji Beijing. Mwaka uliofuata ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin.

Kisha Raise the Red Lantern ya 1991. Inaanza na uso wake peke yake; sauti ya mama wa kambo inasikika bila yeye kuonekana, na binti anakubali kuolewa na tajiri mwenye wake wengine. Soma tafsiri mara ya kwanza, halafu irudie dakika hiyo bila kusoma chochote. Machozi yanashuka, sauti haitetereki. Kwangu mimi hapo ndipo kipaji chake kilipo.

Kwenye Farewell My Concubine ya 1993, ya Chen Kaige, mhusika mkuu si yeye. Hata hivyo, msubiri Juxian, kahaba anayemwigiza, avue vito na viatu kujikomboa kutoka danguroni, atoke peku.

To Live ya 1994 na Coming Home ya 2014 zitazame kwa kufuatana, lakini kwa siku tofauti. Zote mbili zinapitia Mapinduzi ya Utamaduni, msukosuko wa kisiasa wa China enzi za Mao, na ni nzito mno kwa usiku mmoja.