Babu yako yumo kwenye leja ya kanju: namna ya kumtafuta bila kuharibu karatasi

Nilikuwa karani wa masjala katika kanju, yaani baraza la mji, ya mji mmoja wa Pwani ya Kenya kwa miaka 27. Hata sasa nimestaafu, haupiti mwezi bila mtu kubisha hodi: "Mzee, jina la babu yangu nitalipata wapi?" Wengi wameshazunguka wakidai cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa enzi ambazo kwao hakuna aliyeandika vyeti. Babu hakuacha cheti. Aliacha kodi, ploti, meza sokoni, ndoa kwa kadhi, pengine kesi ya mbuzi. Anzia huko.

Kwanza keti na wazee, daftari mkononi. Uliza jina lake na lakabu zake, alikaa wapi, na nani alikuwa chifu au mzee wa kijiji wakati huo. Swali la mwisho watu hulidharau, kumbe ndilo ufunguo: rejista za kodi nilizozishika mimi zilipangwa kwa lokesheni, kisha kwa mzee wa kijiji. Ukiingia na jina tupu utafungua kurasa mpaka ofisi ifungwe.

Kisha andika jina kwa kila namna ambayo karani angelisikia: Hamisi, Khamis, Amisi. Wanawake ndio kazi. Bibi yangu mzaa mama nilimkuta kwenye daftari la soko la 1951, ameandikwa "binti" na jina la babake, basi, jina lake mwenyewe halimo. Meza nambari 14, mbaazi na mahamri. Nilimtambua kwa mbaazi.

Hati za kadhi zina tarehe za Hijria. Usichukue tofauti ya miaka ya leo ukaipeleka kule, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 na tofauti hubadilika. Kwa kipimo tu, 1318 ilianza mwanzoni mwa Mei 1900. Na kama ukoo wako una watu wa Rabai au Frere Town, karibu na Mombasa, usiende kortini kabla ya kuuliza vitabu vya ubatizo. Wamishonari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) walifika Rabai miaka ya 1840, na Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.

Sasa, daftari lenyewe liko wapi? Mwaka 2013 mabaraza ya miji yalivunjwa na kaunti 47 zikarithi kila kitu, hadi makabati. Palipokuwa kwetu, leja za makaburi zilitiwa kwenye magunia na kutupwa stoo yenye paa linalovuja. Masika yalipokwisha nilizikuta zimevimba kama maandazi, kurasa zimegandana. Aliyezifungia humo alisema anazilinda zisiibiwe. Nimeona karatasi nyingi zikifia kwenye kabati lenye kufuli kuliko mikononi mwa wasomaji.

Kwa hiyo omba, na omba kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya nakala tu. Usiandike "historia ya ukoo wangu", hakuna faili lenye jina hilo. Andika, kwa mfano wa reti (kodi ya ploti): "Naomba kuona rejista ya reti za ploti za mtaa huu, 1945 hadi 1955." Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ukiambiwa "zilichomwa", ulizia kwa adabu barua ya idhini, maana nyaraka za umma haziharibiwi bila ruhusa ya mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa. Nimeona leja "zilizochomwa" zikipatikana baada ya swali hilo. Huko Nyaraka zenyewe, Moi Avenue jijini Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India, mafaili yaliyopita miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa umma.

Ukishaletewa leja, nawa mikono uikaushe. Kalamu ya wino iache mfukoni, tumia penseli. Pini yenye kutu usiivute: chomeka kipande chembamba cha plastiki, hata cha kasha la mkate, kati ya pini na karatasi, halafu inyanyue polepole kutoka upande wa nyuma. Ukurasa uliopasuka usiupake selotepu. Baada ya miaka michache gundi huwa kahawia na wino huondoka nayo. Uliolowa uanike kivulini penye upepo, kamwe si juani. Wenye ukungu upeleke nje, ziba pua, ukishakauka upanguse kwa brashi laini.

Picha piga karibu na dirisha bila flashi, simu ikiwa juu sambamba na ukurasa, kingo zote nne zionekane. Picha ya kwanza iwe ya jalada, la sivyo mwakani utakuwa na majina mia mbili yasiyo na kwao. Usiruke kurasa zisizo za ukoo wako, jirani yako atazitafuta. Na usichomoe karatasi hata moja, hata ikiwa ni ya babako; wakili akiitafuta kesho, faili zima litashukiwa.

Masanduku yasiyo na asidi, ya kuhifadhia karatasi, ni ghali. Mimi hufunga leja kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kitoke wanga, naiweka rafuni, shubiri moja juu ya sakafu na mbali na ukuta, mchwa wasipate daraja. Halafu naandika faharasa ya majina na kurasa kwenye daftari la shule. Nakala moja hubaki ofisini, ya pili maktaba, ya tatu kwa mzee wa mtaa, na kila jalada naliandika kwa penseli ni nani mwenye nakala.